Wavueni viatu

Majuzi nilimsindikiza mama yangu mdogo kwenye kliniki ya kisukari katika hospitali moja ya hapa Moshi, na hasira niliyorudi nayo haijaisha. Tulifika alfajiri, tukaweka daftari lake kwenye foleni ya madaftari, tukakaa kwenye benchi mpaka jua likawa kali. Zamu yake ilipofika alichomwa kidole, akafungwa mkanda wa presha juu ya mkono wa sweta, akaandikiwa metformini ya sukari na amlodipini ya presha, zile zile za siku zote, kisha akapongezwa: "Umejitahidi, mama, sukari iko tisa." Jioni alipovua soksi nikaona kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, kimezungukwa na ngozi nyeupe iliyokakamaa, na kiatu kilipogeuzwa ikadondoka kokoto. "Mwanangu, mbona hakiniumi?" akaniambia, kana kwamba ananipa habari njema.

Hakimuumi kwa sababu mguu umeshakufa ganzi. Sukari inayokaa juu kwa miaka huharibu utando wa ndani wa mishipa ya damu, na presha, inayozisukuma kuta hizo hizo usiku na mchana, huongeza uharibifu. Mishipa midogo inayolisha mishipa ya fahamu ikidhoofika, mtu hukanyaga msumari asijue. Ile mikubwa ya miguuni ikijaa mafuta na chokaa, damu inayofika vidoleni haitoshi kuponya hata mchubuko. Anayemwagilia kwa maji ya mfongo, yaani mfereji wa shambani, anaelewa jambo hili bila kufundishwa, kwa kuwa mfongo ukiziba huko juu, migomba ya mwisho ndiyo hunyauka kwanza.

Kinachonikera ni kwamba kukagua jicho na figo, ambavyo kisukari huvidhuru pia, tunahitaji vifaa, lakini mishipa ya mguu hukaguliwa kwa mikono mitupu. Mhudumu anaweka vidole kwenye mgongo wa mguu, kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani, anatafuta mapigo; asipoyapata, anajua pa kuanzia. Ganzi hupimwa kwa uzi mgumu wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10. Anatazama katikati ya vidole na kisigino, na kazi imekwisha kabla mgonjwa anayefuata hajamaliza salamu. Hakuna kitendanishi kilichoisha, hakuna umeme uliokatika, hakuna ile mashine yetu maarufu ambayo fundi wake yuko njiani. Miongozo inataka miguu ya kila mwenye kisukari ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa mwenye ganzi au aliyewahi kupata kidonda. Mama mdogo ana daftari lililojaa mpaka jalada la nyuma, na hakumbuki kuambiwa avue viatu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba muuguzi mmoja hawezi kuinama mbele ya foleni nzima. Lakini foleni hiyo hiyo hukaa benchini asubuhi nzima ikiwa na miguu yake! Wagonjwa wavue viatu wakiwa wanasubiri, na mwanafunzi wa uuguzi, ambao mji huu haujawahi kuwakosa, apite benchi kwa benchi akitazama nyayo.

Na huo mkanda juu ya sweta nao si jambo dogo. Utafiti wa Uingereza uitwao UKPDS ulionyesha mwaka 1998 kwamba wenye kisukari na presha waliodhibitiwa vizuri zaidi, kwa wastani wa 144/82 badala ya 154/87, walipata kiharusi kwa asilimia 44 pungufu. Tofauti yenyewe ni ya namba kumi, na sisi tunapima juu ya sufu.

Nyumbani nako tuna yetu. Baridi ya Julai ikishuka kutoka mlimani, wazee wetu husogeza miguu kwenye jiko la mkaa au kuiloweka kwenye maji ya moto, na mguu wenye ganzi huungua bila kulalamika. Maji yapimwe kwa kiwiko, na kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kuhusu sigara sina la kubembeleza: mwenye kisukari aache. Wauza mizizi wa stendi wanaoahidi "kusafisha mishipa" kwa chupa moja, mimi huwapita kimya. Wale wanaosema kwamba kukatwa mguu ndiko kunakoua, waulizeni marehemu alikaa na kidonda muda gani kabla ya kupelekwa hospitali.

Ombi langu kwa wakubwa wa kliniki ni dogo kiasi cha aibu. Daftari la mgonjwa lina safu ya sukari, safu ya presha na safu ya uzito. Chukueni rula na kalamu, mchore safu ya miguu, na mgonjwa asipangiwe tarehe ya kurudi kabla haijajazwa.