Mpaka wa Barafu ya Kale Usomwe Chini ya Bahari

Kwa muda mrefu, waliotaka kujua ngao za barafu za kale, yaani matandiko makubwa ya barafu yaliyofunika nchi nzima nzima, zilienea hadi wapi waliutegemea zaidi ushahidi wa nchi kavu, yaani miamba iliyokwaruzwa na vilima vya vifusi. Ushahidi huo ni wa kweli, ila unakomea ufukoni, na barafu haikukomea hapo. Miaka ipatayo 21,000 iliyopita, maji mengi yalipokuwa yameganda juu ya mabara, bahari ilikuwa imeshuka kwa takriban mita 120, na barafu ilienea juu ya sakafu ambayo leo imo chini ya maji. Ndiyo maana nashikilia kwamba ramani ya barafu hizo isiyotokana pia na sakafu ya bahari ni nusu ramani.

Tazama Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norwei na Urusi. Bado katika miaka ya 1980 wataalamu walikuwa wakibishana kama ilifunikwa na ngao moja kubwa, au kama barafu ilibaki visiwani tu, Svalbard na kwingineko. Vipimo vya mawimbi ya sauti vilivyofanywa kutoka melini vilifichua mifereji iliyonyooka, yenye kwenda sambamba kilomita nyingi, ambayo huchongwa na barafu inayoteleza juu ya tope laini. Upande wa magharibi, barafu ilifika ukingoni kabisa, pale sakafu inapoporomokea kilindini. Mikwaruzo ya siwa barafu, yaani mapande makubwa yaliyomeguka na kuelea baharini, ni kitu kingine: hiyo hupindapinda, na anayeichanganya na mifereji ile ataitandaza ngao mahali ambapo haikuwahi kukanyaga.

Hata hivyo, umbo halina tarehe, na hapa ndipo naona pupa ya wengi. Mrija unaodidimizwa sakafuni hutoka na udongo wa kijivu ulioachwa na kushindiliwa na barafu, uliojaa changarawe na mawe ya kila ukubwa; juu yake hukaa tope laini lenye magamba ya foraminifera, viumbe wadogo kama punje za mchanga. Magamba ya chini kabisa, yakipimwa umri kwa kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana tangu kiumbe afe, huonyesha kwamba wakati huo barafu ilikuwa imeshaondoka, pengine zamani zaidi. Kuigeuza tarehe hiyo kuwa siku yenyewe ya kuondoka ni kosa.

Nalisisitiza hili kwa sababu ngao ya Barents ilikalia sakafu iliyo chini ya usawa wa bahari, kama inavyokalia leo barafu ya Antaktiki Magharibi; tukikosea tarehe za ile, tutakosea pia tukiitumia kuikisia hii.