Nani achangie mifupa ya Rusinga?

Simama kwenye harambee yoyote pale Mbita, useme unachangisha pesa za kutafuta mifupa ya nyani wa kale walioishi Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, takriban miaka milioni 18 iliyopita. Utaombwa ukae chini. Mfuko wa mwananchi una foleni yake: bili ya hospitali, matanga, karo ya fomu wani. Siwezi kumlaumu mtu.

Ndiyo maana utafiti wa chimbuko la binadamu huku kwetu umeishi kwa hisani ya watu wa mbali. Charles Boise, mfanyabiashara wa London, aligharimia kazi za Louis na Mary Leakey, mtu na mkewe waliotafuta mabaki ya binadamu wa kale, na mwaka 1959 fuvu la Olduvai, Tanzania, likabeba jina lake: boisei. Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba na akina Leakey miaka nenda miaka rudi, alienziwa mwaka 1993, nyani mmoja wa Rusinga alipoitwa heseloni. Mwenye hundi alimtangulia kwa miaka 34. Hapo wakosoaji wa misaada hii wana hoja nzito, kwamba anayelipa ndiye huchagua swali, na sifa humfuata.

Wapo pia wanaoupinga utafiti wenyewe kwa imani. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa kipentekoste walipinga namna Makumbusho ya Taifa yalivyopanga kuonyesha mabaki haya. Hao sidhani kama mchango utawabadilisha, wala si kazi yake.

Lakini tazama Nyayanga, kwenye rasi ya Homa. Matokeo yaliyotangazwa 2023 yalionyesha zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na 3, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na magego mawili ya Paranthropus, jamaa wa kale wa binadamu. Kazi ya namna hiyo ni ya kupiga magoti kwenye makorongo, kuchekecha udongo na kuandika namba kwenye kila kipande. Kaunti gani italipia hayo wakati zahanati haina dawa? Na lile lalamiko kwamba wageni wanatuibia limepungua uzito: sheria ya 2006 hairuhusu visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, kutolewa nchini bila kibali.

Kwangu mimi ubishi wa kweli uko kwa wanafunzi. Mtoto wa Nakuru hupelekwa Kariandusi, karibu na Gilgil, akaona mashoka ya mawe yamelala chini palepale yalipofukuliwa. Akivutiwa, akasoma Maseno au Egerton hadi shahada ya kwanza, anakuta basari nyingi zimekwisha hapo. Taasisi ya Leakey Foundation ya Marekani, iliyoanzishwa 1968, ina ufadhili wa Baldwin kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu kutoka nchi zinazoendelea. Ni msaada mzuri, ila mara nyingi humpeleka kijana ng'ambo, na akirudi (kama atarudi) nafasi za kazi ni za kuhesabu.

Kwa hiyo ningeunga mkono mchango, kwa sharti moja ambalo wafadhili hawalipendi sana: sehemu ya pesa ilipe mshahara wa miaka michache baada ya shahada, hapa hapa, kwenye makumbusho au chuo cha huku. Fuvu jipya huvuta kamera, kwa hiyo kulipatia fedha ni rahisi. Ugumu uko kwenye mshahara wa mtu wa kukaa ghalani Kisumu akipanga meno ya panya wa kale, kazi ambayo ndiyo humwambia mtafiti palikuwa msitu au mbuga.