Mtu Anayesingiziwa Kodi ya Alaska

Mgombea wa chama cha tatu nchini Marekani hana bahati na maswali. Hajafungua mdomo kueleza sera zake, keshaulizwa anamharibia nani, Republican au Democratic. Akishindwa, ataambiwa amegawa kura. Akishinda, jambo linalotokea kwa nadra, atazungumzwa wiki moja kama kioja, kisha basi. Dick Randolph wa Fairbanks, Alaska, alipatwa na la tatu: alishinda, alichokiahidi kikafanyika, na leo kila bajeti ya jimbo lake inapopwaya, watu wanaunyooshea kidole mwaka 1980.

Mwaka huo, mwezi Septemba, Alaska ilifuta kodi ya mapato ya mtu binafsi, na mpaka sasa haijairudisha. Randolph ndiye aliyekuwa mbele ya kampeni hiyo. Wanaomlaumu wana hoja, tena nzito, nami nitaifikia. Ninachowagombeza ni kwamba wameanza kuisoma hadithi kutoka mwisho.

Tuanze na mtu mwenyewe. Randolph alikuwa wakala wa bima. Tumezoea kuwachora watu wa vyama vidogo kama wasomi wa barazani, wenye majibu ya dunia nzima na wasio na hata jirani mmoja wa kuwapigia kura. Huyu riziki yake ilikuwa kukaa meza moja na watu wa Fairbanks: nani kajenga, nani kaongeza mtoto, nani anauza gari ili ahame. Tena alishakaa Juneau, makao makuu ya jimbo, vipindi viwili mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa mbunge wa Republican. Aliporudi kuomba kura mwaka 1978 kwa tiketi ya Libertarian, chama kilichokuwa na umri wa miaka saba tu, watu walimjua yeye kabla ya kukijua chama chake. Alishinda, akawa Libertarian wa kwanza kuingia katika bunge la jimbo lolote la Marekani.

Ushindi huo ulisaidiwa na jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Enzi hizo Fairbanks ilikuwa eneo moja la uchaguzi lenye viti kadhaa vya Baraza la Wawakilishi, na mpiga kura aliweza kuchagua wagombea kadhaa kwa mkupuo. Fikiria tofauti yake. Ukiwa na kura moja tu, kumpa mtu wa chama kidogo ni kamari. Ukiwa nazo kadhaa, unawapa hao wakubwa haki yao, halafu moja unampa yule jamaa wa bima anayesema mambo wengine hawathubutu kuyasema. Hujapoteza kitu. Alaska baadaye ilikuja kuwa na maeneo ya kiti kimoja kimoja, na mlango huo ukafungwa.

Sera zake zilikuwa za chama chake: serikali iwe ndogo, kodi zipungue hadi zinazoweza kufutwa zifutwe, ardhi kubwa iliyoshikwa na serikali ipite mikononi mwa watu. Mimi si mfuasi wa chama hicho. Wakifika mahali pa kusema soko litapanga kila kitu, tunaagana kwa heri. Lakini hoja ya kodi ya mapato, kwa Alaska ya mwaka 1979, ilikuwa hoja ya mtu mwenye akili timamu, na hilo ndilo linalosahaulika.

Kodi yenyewe ilianzishwa mwaka 1949, enzi za gavana Ernest Gruening, Alaska ikiwa bado haijawa jimbo. Sababu yake ilikuwa ya haki kabisa. Wenye viwanda vya samaki wa makopo na wenye migodi walikuwa wakija, wakivuna, wakiondoka, na hazina ikibaki na makombo. Kodi ililetwa ili anayechuma hapa aache kitu hapa. Kisha mwaka 1968 mafuta yakagunduliwa Prudhoe Bay, kaskazini kabisa, na mwezi Juni 1977 yakaanza kutiririka katika bomba la takribani kilomita 1,300 hadi bandari ya Valdez. Miaka miwili baadaye mapinduzi ya Iran yakapandisha bei ya pipa. Hazina ya jimbo lenye watu laki nne ikafurika.

Sasa jiweke mahali pa muuguzi wa Fairbanks. Ujenzi wa bomba ulikuwa umepandisha pango la nyumba na bei za vyakula mjini kwake. Ulipokwisha, kazi zikaondoka. Serikali inahangaika mahali pa kuzitia pesa, na bado kila mwezi inakata kwenye mshahara wake. Randolph aliuliza kwa sauti: kwa nini? Akaanza kukusanya sahihi ili suala lipelekwe kwa wananchi wenyewe walipigie kura.

Hapo ndipo vyama vikubwa vilipozinduka. Bunge kwanza lilijaribu ujanja wa kuwasamehe kodi wakazi kwa kuangalia miaka waliyoishi Alaska, wa zamani wakipata nafuu kuliko wageni. Mke na mume wanasheria, Ron na Patricia Zobel, walikwenda mahakamani, na mpango huo ukaanguka. Ilikuwa Septemba, Novemba inakaribia pamoja na uchaguzi wake, na sahihi za Randolph zipo mezani. Bunge likaifuta kodi yote.

Nataka tulihesabu hili. Bunge la Alaska lina wawakilishi 40 na maseneta 20. Libertarian alikuwa mmoja. Gavana Jay Hammond, Republican, aliichukia hatua hiyo, lakini hakutumia kura yake ya turufu, na miaka ya baadaye alijilaumu kwa hilo. Anayesema Randolph aliifuta kodi ya Alaska anasema, kwa maneno mengine, kwamba wabunge wengine 59 na gavana walikuwa watazamaji. Hawakuwa watazamaji. Waliogopa kwenda kwa wapiga kura wakiwa upande wa mkusanya kodi, basi.

Tena walichukua nusu ya dawa. Randolph alitaka mawili yaende pamoja, kodi ifutwe na serikali ipungue. La kwanza ni tamu, wakalimeza. La pili ni chungu, wakalitema. Matumizi ya serikali yalipanda kwa kasi miaka ile ya mwanzo ya 1980, na bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 1986, mabenki yakafilisika na watu wakaziacha nyumba zao na kwenda zao. Mgonjwa aliyekunywa nusu ya dawa akizidiwa, mganga naye ana kesi ya kujibu, sikatai. Lakini si kesi ya peke yake.

Upande wa pili una mwanasheria wake bora, naye ni Hammond mwenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba kodi hufanya kazi mbili. Huleta pesa, na humfanya mwananchi akae macho. Kwetu tunalielewa hili bila darasa: kwenye shughuli, aliyetoa mchango ndiye anayeuliza nyama imekwenda wapi, aliyealikwa bure hula anachopewa. Ukimwondoa mwananchi katika orodha ya wachangiaji, umewaachia wanasiasa jiko. Kila kikundi kitadai barabara yake, chuo chake, ruzuku yake, kwa kuwa hakuna anayehisi inatoka mfukoni mwake.

Kuna na la wageni. Takribani mfanyakazi mmoja kati ya watano wa Alaska si mkazi wa jimbo hilo. Huja kwa ndege, hufanya kazi kwenye mafuta au samaki, hurudi kwao na mshahara mzima. Ndiye yule yule aliyelengwa mwaka 1949, amebadilisha nguo tu. Kwa hili sina cha kuwajibu wapinzani wa Randolph. Katika kumwondolea mzigo muuguzi wa Fairbanks, kufutwa kwa kodi kuliwaondolea pia hao.

Msomaji wa Tanzania ana mfano wake karibu. Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Halmashauri zikazidi kutegemea ruzuku kutoka juu, na wataalamu wa serikali za mitaa wakalalamika. Bado sijamwona mgombea anayezunguka vijijini akiahidi kuirudisha.

Nimeitaja kodi ya kichwa kwa makusudi, maana ndiyo inayoninyima usingizi katika habari hii ya Alaska.

Jimbo lina Mfuko wa Kudumu, ulioingizwa kwenye katiba yake mwaka 1976, unaowekewa angalau robo ya mrabaha wa mafuta na madini. Kuanzia mwaka 1982 kila mkazi, mzee hadi mtoto mchanga, hupata gawio la mwaka. La kwanza lilikuwa dola 1,000. Mwaka 2016, mafuta yakiwa yameshuka tena, gavana Bill Walker alikata gawio karibu nusu, kutoka zaidi kidogo ya dola 2,000 hadi 1,022. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema gawio ni lazima lipitishwe na bunge kama matumizi mengine, na tangu hapo kila mwaka hupigwa vuta nikuvute juu ya kiasi chake.

Serikali iliita kupunguza matumizi. Mimi naita kodi. Piga hesabu ya dola 1,000 zilizokatwa kwa kila kichwa. Familia ya watu watano katika kijiji kando ya mto Yukon, yenye kipato cha dola 30,000 kwa mwaka, imepoteza dola 5,000, yaani sehemu moja ya sita ya kipato chake. Rubani wa Anchorage asiye na mke wala mtoto, anayelipwa dola 150,000, amepoteza 1,000, haifiki hata asilimia moja. Mfanyakazi aliyepanda ndege kurudi Seattle hakupoteza senti. Na kadiri unavyokuwa na watoto wengi ndivyo unavyolipa zaidi! Hata wakoloni wetu, waliojua kukamua, waliwasamehe watoto wachanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alaska mjini Anchorage walizilinganisha njia mbalimbali za kuziba pengo mwaka huohuo 2016, wakaona kukata gawio ndiko kunakowaumiza wenye kipato cha chini kuliko njia nyingine. Kodi ya mapato ingewagusa zaidi wenye nacho, na ingemfikia hata yule wa Seattle.

Hapa ndipo wapinzani wa Randolph wanaponibana ukutani: si umeona? Kodi ingekuwepo, kiwango kingepandishwa kidogo, mama wa Yukon akaachiwa chake. Huyo mtetezi wako wa mnyonge ndiye aliyeuvunja mwiko.

Nakubali nusu. Kuipandisha kodi iliyopo ni kazi ya siku moja. Kuianzisha isiyokuwepo ni vita. Randolph aliifanya kazi ya waliomfuata iwe ngumu, na alikusudia iwe ngumu. Lakini sheria ya mwaka 1980 haikuandikwa kwenye katiba. Bunge lolote, mwaka wowote, lingeweza kuirudisha kodi hiyo kwa kura za kawaida. Mabunge yamekuja na kwenda, magavana wa Republican, wa Democratic, hata Walter Hickel aliyeshinda mwaka 1990 kwa tiketi ya chama kidogo cha Alaskan Independence, na Walker aliyeshinda bila chama chochote. Wote waliikuta kalamu mezani. Aliyeona mama wa Yukon anakamuliwa akaogopa kumkera rubani wa Anchorage, dhambi hiyo asimpelekee mtu aliyeondoka bungeni kabla simu za mkononi hazijaingia madukani.

Maana Randolph hakukaa sana. Mwaka 1980 alichaguliwa tena, safari hii na mwenzake wa Fairbanks, Ken Fanning, na mwaka huohuo mgombea urais wa chama chao, Ed Clark, akapata zaidi ya asilimia 11 ya kura za Alaska. Mwaka 1982 Randolph aligombea ugavana akapata karibu asilimia 15. Kwa chama cha tatu hiyo ni kura nyingi mno. Kwa kiti cha gavana ni sifuri. Andre Marrou alikipatia chama kiti kingine mwaka 1984, akakipoteza mwaka 1986. Baada yake wakakauka.

Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi la Alaska lilipitisha muswada wa kurudisha kodi ya mapato. Seneti ikauangusha. Libertarian hawakuwa na kiti hata kimoja Juneau.