Gemu kutoka seva ya nyumbani Mbeya: wapi inalipa, na wapi hailipi

Kompyuta moja yenye kadi nzuri ya picha inakaa chumbani kama seva, ikiendesha gemu kwa mfumo wa Linux. Programu ya Sunshine inakamata picha ya gemu na kuituma, ile ya Moonlight inaipokea kwenye TV ya sebuleni au simu. Zote mbili ni programu huria, hazina ada. Wanaopinga mpango huu wanauliza: kwa nini usumbuke, wakati kuna huduma za kulipia mtandaoni, ambazo huendesha gemu kwenye seva zao za mbali?

Kwa mtu wa Mbeya, jibu linaanza na umbali. Mwanga ndani ya faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Johannesburg, iko kama kilomita 2,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 20 hata kama waya ungenyooka, na haunyooki. Ulaya Magharibi, kama kilomita 7,000, ni milisekunde 70. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila milisekunde 16.7. Ukibonyeza kitufe cha kupiga pasi, tayari uko nyuma fremu nne kabla seva ya Ulaya haijafanya kazi yoyote. Waya wa mtandao kutoka chumbani hadi ruta hadi TV hauli hata milisekunde 2.

Tena cha kukodi hufungwa. Google ilizima Stadia, huduma yake ya gemu za mtandaoni, tarehe 18 Januari 2023. NVIDIA, watengenezaji wa kadi za picha, nao walipoachana na GameStream, mfumo wao wa kurusha gemu kutoka kompyuta ya nyumbani, mwaka huohuo, watumiaji wa Moonlight walihamia Sunshine wakaendelea kucheza.

Lakini wapinzani wana hoja nzito kwenye mpira. EA Sports FC, gemu inayopendwa kuliko zote katika nyumba nyingi, kwa matoleo ya karibuni haifunguki kwenye Linux, kwa sababu kinga yake dhidi ya udanganyifu inadai Windows. Proton, programu ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux, haisaidii hapo. Kama nyumba yako inacheza FC tu, usijenge seva ya Linux. Hili lisemwe mapema, kabla mtu hajanunua kadi.

Umeme ndio unaohesabiwa vibaya zaidi. Mashine inayokula wati 60 ikiwa haina kazi, ikiachwa usiku na mchana, humaliza uniti 43 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye daraja la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75, imeshapoteza zaidi ya nusu bila mtu kugusa pedi ya gemu. Suluhisho ni kuilaza na kuiamsha kwa mtandao: washa Wake-on-LAN kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), kisha kwenye Linux andika

sudo ethtool -s enp3s0 wol g

ukiweka jina la kadi yako ya mtandao badala ya enp3s0. Mara nyingi mpangilio huo hupotea mashine ikiwashwa upya, hivyo uandike pia kwenye NetworkManager, programu ya Linux inayosimamia mtandao. Moonlight ina kitufe cha kuiamsha. Umeme ukikatika mashine ikiwa imelala, kilichokuwa wazi kimekwenda, na baadhi ya kadi za mtandao haziamshi mashine tena mpaka uiwashe kwa mkono. Weka BIOS iwashe mashine umeme unaporudi, na UPS (betri ya akiba) ndogo kwa seva na ruta.

Kuna makosa mawili yanayowakatisha tamaa wengi. La kwanza ni skrini nyeusi: seva isiyo na skrini haina picha ya kukamata. Chomeka plagi bandia ya HDMI inayojifanya skrini, na kama Linux yako inatumia Wayland kuonyesha picha, ipe Sunshine ruhusa:

sudo setcap cap_sys_admin+p $(readlink -f $(which sunshine))

La pili, picha inakuja ila pedi haifanyi kitu. Hapo mtumiaji hana ruhusa ya kuandika kwenye /dev/uinput, njia ambayo Sunshine hupitishia mibonyezo ya pedi. Rekebisha kanuni za udev (zinazotoa ruhusa za vifaa kwenye Linux), ondoka, ingia tena.

Picha ikikatakata, acha kulaumu kadi. Wi-Fi ya 2.4 GHz inagombaniwa na ruta za majirani. TV ipate waya, simu ipate 5 GHz.

Nje ya nyumba, msimamo wangu unageuka. Picha ya 720p kwa Mbps 10 hula GB 4.5 kwa saa. 1080p kwa Mbps 20 ni GB 9. Kwa bando la simu ukiwa Iringa, hiyo ni hasara. Angalia pia anwani ambayo ruta imepewa na mtandao: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, anwani yako ya umma inashirikiwa na wateja wengine, na kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka intaneti) hakutafanya kitu. Utahitaji njia ya faragha (VPN) kama Tailscale, au WireGuard kupitia seva ya kukodi yenye anwani ya umma. Hata ukiwa na anwani yako ya umma, poti 47990 ya mipangilio ya Sunshine usiifungue kamwe kwa intaneti.