El Camino SS ya 1970: lipia karatasi na bati, si beji

Ukikuta El Camino ya 1970, pikapu ya Chevrolet yenye mbele ya gari dogo, inauzwa kwa jina la "SS 454, imekarabatiwa yote", hesabu hizo herufi mbili (Super Sport, toleo la nguvu; 454 ni ujazo wa injini kwa inchi) kuwa dai la muuzaji mpaka zithibitishwe. Mimi nashikilia hivi: kama hakuna karatasi za kiwandani, gari hilo ni El Camino ya kawaida iliyowekwa injini kubwa, na bei yake iwe hiyo, rangi ing'ae inavyong'aa. Si kwamba nakala ni dhambi. Nakala iliyotengenezwa vizuri inaendeshwa kwa raha ileile. Ubaya unaanza pale inapouzwa kwa bei ya gari la asili.

Na kuitengeneza nakala si kazi ngumu. Chevrolet iliitoa El Camino mwaka 1959, miaka miwili baada ya Ford kuleta pikapu yake ya namna hiyo, Ranchero. Ikasimama baada ya 1960, kisha ikarudi 1964 ikiwa juu ya msingi wa Chevelle, gari la abiria la Chevrolet. Kwa hiyo mbele ya pikapu hii ni Chevelle tupu: boneti, grili na beji za Chevelle SS zinaingia bila kukata chochote, na zote zinauzwa mpya hadi leo. Mtu akiwa na spana na wikiendi mbili anaweza kukuzalishia SS.

Namba ya chesisi haitakuokoa. Mwaka 1968 SS ilikuwa na mfululizo wake, namba zikianza na 13880. Kuanzia 1969 ikageuzwa kuwa kifurushi cha kuagiza, na ya 1970 inaanza na 13680 sawa na El Camino Custom yoyote ya V8. Kibati kilichoko kwenye ukuta wa injini nacho hakisemi SS. Kinachosema ni karatasi ya uzalishaji, ambayo mara nyingi hukutwa juu ya tangi la mafuta au chini ya kiti, au ankara ya muuzaji wa kwanza. Hapo utaona Z25 kwa SS 396 au Z15 kwa SS 454. (Hiyo 396 ya 1970, kwa kweli, ina inchi za ujazo 402; kiwanda kiliendelea na jina la zamani kwa sababu lilikuwa linauza.)

Karatasi zikikosekana, tazama vitu ambavyo watengenezaji wa nakala huvikwepa kwa gharama. Dashibodi ya SS ina vipimo vya duara, si kipimo cha mwendo kirefu cha mlalo. Kifuniko cha difu kina bolti 12, si 10. Breki za mbele ni za diski zenye buster, na nyuma kuna fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona. Kukosekana kimoja kunaweza kuelezeka kwa gari la miaka zaidi ya 50. Vikikosekana vitatu, usibishane, shusha bei.

Kwenye injini, tafuta sehemu bapa upande wa abiria, mbele ya silinda hedi. Pana herufi za aina ya injini na tarakimu za mwisho za namba ya chesisi. Uso wa pale kiwandani ulikwanguliwa kwa mashine, ukaacha mistari myembamba iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiona alama za tupa au grenda zilizozunguka, namba imepigwa upya. Linganisha pia na tarehe iliyosubiwa kwenye bloku: C 12 0 ni tarehe 12 Machi 1970. Bloku haiwezi kuwa changa kuliko gari. Ukaguzi huu una thamani kubwa kwa 454, maana ilikuwa na aina mbili: LS5 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 360 na LS6 450, na pengo la bei kati yao ni kubwa kuliko pengo hilo la nguvu.

Sasa bati, ambalo wanunuzi wengi hulipa dakika mbili na injini saa nzima. Fanya kinyume. Sehemu ya mizigo ina kuta mbili, na maji yenye matope hukaa katikati yake, nyuma ya matairi, kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje. Fungua skrubu za bamba la sakafu lililo karibu na kabini: chini yake kuna shimo, na mafundi wavivu hawalifikii. Ukilikuta safi, aliyefanya kazi ile alikuwa makini. Pembe za kioo cha nyuma nazo huvujisha maji yanayoteremka hadi sakafu nyuma ya kiti, kwa hiyo inua zulia. Pita na kipimo cha unene wa rangi: ya kiwandani huwa kama maikroni 100 hadi 150, iliyopakwa upya vizuri 200 hadi 300. Ikisoma 1,000, hapo ni puti. Sumaku iliyofungwa kitambaa inafaa pia, ila haitakuambia puti ni nene kiasi gani.

Na sehemu ya mizigo iliyopuliziwa mpira mweusi juu ya sakafu yote? Kwa gari la kazi ni jambo zuri. Kwa gari linaloitwa limekarabatiwa, mimi naona ni pazia la viraka.

Injini iwashe ikiwa baridi. Ukifika ukaikuta tayari ina joto, rudi siku nyingine. Pima mgandamizo silinda zote nane, kabureta ikiwa wazi kabisa. Tofauti isizidi asilimia 10. Muulize muuzaji anatumia oili gani. Tapeti bapa za injini hizi zinahitaji zinki, kama sehemu 1,200 kwa milioni, na oili nyingi za magari ya sasa zina chini ya hapo. Bila zinki hiyo, kemshafti (mhimili unaofungua valvu) huisha kimyakimya. LS6 ina mgandamizo wa 11.25 kwa 1, hivyo petroli ya kawaida itaifanya igonge. Mipira ya mafuta ya zamani nayo huliwa na ethanoli. Ikichemka kwenye foleni, kabla ya kulaumu radieta angalia kama kasha la feni lipo, maana hutolewa wakati wa kazi likasahaulika.

Msomaji wa Nairobi afahamu kwamba sheria ya Kenya inayokataza kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, pamoja na usukani wa kushoto, inamfungia mlango wa uagizaji wa kawaida. Hili ni zaidi la walioko Dallas au Muscat.

Mwisho endesha, kisha funga breki kwa nguvu sehemu tupu isiyo na watu. Nyuma ni nyepesi bila mzigo, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yakijifunga mapema, valvu ya kugawa breki inahitaji kazi. Sikiliza difu: mlio unaobadilika unapoachia mafuta ni gia zilizolika au zilizofungwa vibaya, na gharama ya seti mpya pamoja na ufundi ikatwe kwenye bei kabla hujatoa pesa.