Nipe Mji Nikupe Waifai

Saa tatu na robo usiku. Andalio la somo linatakiwa limfikie Mwalimu Mkuu kabla ya saa sita, na kishkwambi kimenikodolea maneno matatu: "Tatizo la uthibitishaji."

Uthibitishaji! Mimi nimethibitishwa kazini tangu mwaka 2011. Barua ninayo, imegongwa mhuri, ipo chini ya godoro pamoja na cheti cha ndoa. Leo kifaa kinachobebwa kwapani kinataka kunithibitisha upya.

Tena msidhani ni kishkwambi cha kuokota. Hiki ni cha sensa. Tarehe 23 Agosti 2022 wenzake na chenyewe walizagaa nchi nzima, wakavuka mito, wakafukuzwa na mbwa wa watu, mwisho wakatuambia tupo 61,741,120. Kazi ilipokwisha ndipo tukagawiwa walimu. Yaani kitu kilichohesabu watu milioni sitini na moja na ushee kinashindwa kukubali herufi kumi za nywila. Jina lenyewe nililizoea kwa taabu. Kishkwambi. Mara ya kwanza kulisikia nilidhani ni wadudu wale wanaotoka mvua ya kwanza ikinyesha, nikataka kuuliza wanakaangwa au wanachemshwa.

Habari ya bando sitaigusa, maana kila mtu ana kidonda chake. Nitasema tu kwamba sisi wapangaji wanne wa uani, hapa Nkuhungu, Dodoma, tulikubaliana na Mzee mwenye nyumba: yeye ana waifai kule nyumba kubwa, sisi tunachanga elfu kumi kumi kila mwezi, tunavuta. Kodi hiyo ni mbali. Tangu serikali ihamie huku, ukimuuliza Mzee kwa nini kodi inapanda, anakuonyesha kidole upande wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, basi, maelezo yameisha.

Nikakizima kishkwambi, nikakiwasha. Hiyo ndiyo panadoli yetu. Hakikupona. Nikabonyeza "Sahau mtandao". Kikasahau papo hapo, kwa wepesi ambao hakijawahi kuuonyesha kwenye kukumbuka. Nikaweka nywila ya siku zote. Kikakataa. Nikaweka tena taratibu, herufi moja moja, huku naitamka kama darasa la kwanza. Kikakataa.

"Mzee atakuwa amebadilisha," mke wangu akasema bila kuinua macho kwenye mchele. "Chumba cha tatu hawajachanga mwezi wa pili huu."

Wiki mbili nyuma kilipoanza kusuasua nilikipeleka kwa kijana wa kibanda cha simu kule Majengo. Hakukishika. Alikitazama kwa mbali kama bwana mifugo anavyotazama ng'ombe asiye na matumaini, akasema, "Hiki kinataka kuflashiwa, elfu kumi na tano." Nikamuuliza kina ugonjwa gani. Akasema ugonjwa atauona akishaflashi. Nikarudi nacho nyumbani, nikakitupa kwenye droo kwa hasira mpaka chaji ikaisha yenyewe. Huduma kwa wateja nao niliwapigia. Nikabonyeza moja, nikabonyeza nne, nikasikilizishwa muziki mpaka salio langu la uvumilivu likakata.

Sasa ilibaki kwenda kwa Mzee, na kwa Mzee hakuendwi hivi hivi.

Lazima muelewe ile ruta inaishije. Inaishi kwenye kabati la vyombo, lile la vioo, sebuleni. Chini imetandikiwa kitambaa cha kufuma. Kushoto kwake kuna chupa ya chai yenye maua, kulia bilauri sita ambazo hazijawahi kunywewa tangu arusi ya bintiye. Kabati linafungwa kwa ufunguo, na ufunguo unaning'inia kwenye mkanda wa suruali ya Mzee, pamoja na wa zizi. Saa nne kamili usiku anaizima. Ukimuuliza kwa nini, anasema na yenyewe ipumzike, imehangaika mchana kutwa.

Kwa hiyo nilikuwa na dakika arobaini na tano.

"Hodi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbukwenyi, Mwalimu!"

"Mbukwa, Mzee."

Hapo bado hamjasalimiana, hapo mmefungua mlango tu. Nikaulizwa mke, nikaulizwa watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Nikaulizwa wanafunzi. Nikaulizwa Mwalimu Mkuu kama ule mguu umepoa. Nikaulizwa uwele wa kwetu umeitikaje, nami kwetu hatulimi uwele, lakini nilijibu umeitika, maana ningesema hatulimi tungeanza upya: sasa mnakula nini? Saa tatu na dakika ishirini na nane.

"Mzee, nimekuja kwa habari ya waifai. Naona nywila imebadilika."

"Imebadilika," akakubali, akatulia.

"Naomba mpya basi."

Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu. Nywila ni siri. Nikikutajia, si itakuwa si siri tena?"

"Sasa sisi tunaochanga tutaingiaje?"

"Anayestahili ataijua mwenyewe." Akavuta kiti, akakaa vizuri, akajifunga msuli juu ya suruali. "Kitendawili!"

Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa umma. Nina stashahada. Nimesimamia mitihani ya taifa nikiwa nimelindwa na askari mwenye bunduki. Nilikuwa nimesimama sebuleni kwa watu na ndala za mke wangu miguuni, nimeshika kishkwambi kwa mikono miwili kama bakuli la kuombea uji. Nikasema, "Tega."

"Kaposwa angali kigoli, bwana harusi kaja baada ya miaka arobaini na mitatu."

Nikafikiri. Nikamfikiria mpangaji wa chumba cha pili, ambaye ana mchumba asiyeisha kuja. Nikamtaja. Mzee akakunja uso, akasema habari za wapangaji hazizungumzwi sebuleni. Nikajaribu reli. Hapana. Nikajaribu kisima. Hapana. Nikajaribu mbuyu, kwa sababu mtu akishindwa kitendawili Dodoma atataja mbuyu. Hapana.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Arusha."

"Baridi. Mgongo wangu huu?"

"Nakupa Mwanza."

"Samaki wana miiba, Mwalimu. Nina meno mangapi mimi?"

"Nakupa Dar es Salaam."

"Dar es Salaam yote ipo hapa, inapanga kwangu. Nikaifuate kule nikafanye nini?"

Saa tatu na dakika arobaini na moja. Nilikuwa nimekuja na heshima zangu, nakiri ziliniponyoka. "Basi chukua Dodoma hii hii, Mzee, tukalale!"

Mzee akaruka, akapiga makofi. "Umepata!"

"Nimepata nini?"

"Dodoma! Si ndiyo iliyoposwa? D kubwa." Akaniangalia nikiandika. "Kubwa hiyo?"

"Kubwa, Mzee."

"Mbele yake kuna mwaka."

Nikaandika 2016, maana ndio mwaka tuliotangaziwa kwamba sasa serikali inahamia kweli. Kishkwambi kikakataa. Mzee alikuwa anachungulia begani, akacheka kwa pua. "Huo mwaka bwana harusi alipotokea na mabegi. Mimi nimetaja posa." Nikaandika 2018. "Huo tulipewa ujiji, hadhi ya kuwa jiji. Ujiji ni kanga tu, mahari ilikuwa imeshaliwa." Kimya. "Arobaini na mitatu, Mwalimu. Nimekwambia toka mwanzo. Wewe si unafundisha hisabati?"

Nafundisha hisabati. Darasa la sita na la saba. Nikatoa 43 kwenye 2016 kwa vidole, mbele ya mzee aliyeishia darasa la nne, nikapata 1973. Dodoma1973. Mwaka TANU ilipoamua makao makuu yaje huku. Vile vimistari vya mtandao vikajaa, na mimi nikajaa machozi, ila sikuweza kuondoka kwa sababu ukifika hapo lazima usikilize. Nikasikiliza alivyokuwa kijana, walivyoambiwa ni miaka kumi tu, alivyokimbilia kununua kiwanja kwa mbuzi wawili akisubiri wageni, na wageni wakachelewa mpaka mbuzi wakazaa wajukuu, wote wa mtu mwingine. Saa nne kasoro dakika moja akasimama, akashika ufunguo.

"Mzee, usizime, nakusihi. Nipe mpaka saa tano."

"Umeme wa nani?"

Nikamtolea mia tano. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa.

Nikarudi mbio chumbani. Mtandao umejaa, hongera kwangu. Nikafungua ukurasa: muunganisho si salama. Nikafungua mwingine: si salama. Hata ukurasa wa utabiri wa hali ya hewa si salama, kana kwamba mvua ya Dodoma ni siri ya jeshi. Nilikuwa nakaribia kukipigiza ukutani, mwanangu Baraka, darasa la tano, aliyetakiwa awe amelala, akakichungulia ubavuni kwangu.

"Baba, hiki kipo mwaka 1970."

Kilipoishiwa chaji kabisa kule kwenye droo kilipoteza tarehe. Kikaamka kinadhani ni tarehe 1 Januari 1970. Na hizi tovuti zina vyeti vya usalama, kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Sasa kama wewe unaishi 1970, kila cheti unachoonyeshwa ni cha mtu ambaye hajazaliwa, lazima ukatae. Kwa upande mwingine nilikielewa. Mtu yupo 1970, makao makuu hata hayajaposwa, wewe unampa nywila ya 1973. Baraka akabonyeza mara tatu, tarehe ikawa ya leo. Andalio likaondoka saa nne na dakika hamsini. Siku hizi mtu anapanda treni ya umeme Dar asubuhi, anashuka Dodoma maharage ya mchana hayajaiva. Andalio langu lilitumia karibu nusu ya muda huo kutoka chumbani kwangu mpaka kwa mtu anayekaa mtaa wa pili.

Mngedhani yameisha.

Keshokutwa yake mtandao ukafa tena. Nywila ile ile, tarehe sahihi, nimesahau na kukumbusha mara nne, hamna. Kishkwambi kinaiona ruta kwa kamstari kamoja, kanatokea, kanazama. Jumamosi ukarudi wenyewe, mkali kama pilipili. Jumanne ukafa. Nikawa naandika kwenye daftari, kama mtu anayepima homa.

Siku moja namlalamikia mwalimu wa sayansi ofisini, akaniuliza kati ya ruta na chumba changu kuna nini. Nikamwambia kuna ukuta, kuna uwazi, kuna simtanki la Mzee la lita elfu mbili limekaa chini kabisa mbele ya dirisha langu, basi. Akaniuliza maji kwenu yanatoka lini.

Nikafungua daftari. Jumanne na Alhamisi.

Akanieleza kwamba maji yanameza mawimbi. Haya ya waifai ya kawaida yanakaribiana sana na yale yanayopasha chakula kwenye zile oveni za umeme za matajiri, na simtanki likijaa ni kama umejenga ukuta wa maji katikati. Yapo mengine ya masafa ya juu zaidi, lakini hayo ndiyo yanachoka mapema kwenye kuta. Mimi nilibaki kwenye habari ya oveni. Kwa hiyo maandalio yangu yote yamekuwa yakimpashia Mzee maji ya kuoga? Akacheka, akasema hayana nguvu hiyo. Nikamwomba asimwambie Mzee hata hivyo, atanidai au atanisifia, vyote vina gharama.

Basi ndiyo maisha ninayoishi. Maji yakija kutoka visima vya Mzakwe, uani ni vigelegele, ndoo zinagongana, chumba cha tatu wanafua mpaka mapazia, na mimi peke yangu nimenuna mlangoni. Maji yakikatika wote wananuna, mimi natuma maandalio ya muhula mzima. Nilimwomba Mzee alisogeze tangi hatua mbili tu. Akasema lile tangi limepangwa kwa kufuata kivuli, na kivuli kilikuwepo kabla yangu. Nikaanza kulipunguza mwenyewe. Naoga mara tatu kwa siku, mwezi huu wa saba, na upepo huu unaoparua ngozi kama msasa. Nimeosha baiskeli ambayo haina tairi. Jana nimemwagilia mchicha wa jirani. Mke wangu anasema kama ni mwanamke mwingine nimwambie tu, mwanamume haogi hivi bure.

Leo Jumamosi nimeamka kumekauka, mtandao umejaa, nimekaa zangu na chai naandika haya. Bajaji imesimama getini. Mzee anashuka, ametoka mjini, anaimba. Nyuma ya bajaji kuna kitu cheusi kikubwa kimefungwa kamba za katani, dereva hata haonekani.

"Mwalimu! Njoo unisaidie kushusha. Naona maji siku hizi hayatutoshi kabisa. Hili tutaliweka hapo hapo, pembeni ya lenzake."