Posho ya semina siikatai, ila nifundisheni kando ya kitanda cha mgonjwa

Tangu nianze kazi ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, nimehudhuria semina nne za kudhibiti maambukizi. Zote ukumbini, chai ya saa nne na sambusa. Tunasugua mikono hewani kama kwaya inayojifunza miondoko: kiganja kwa kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, dole gumba. Jioni cheti na posho (posho siisemi vibaya, ada ya mwanangu iliwahi kutoka humo). Usiku wa semina ya mwisho niliingia zamu nikakuta wagonjwa watatu ni wangu, wawili wako kwenye mashine ya kupumulia, na koki ya sinki la karibu haitoi maji.

Muuguzi wa ICU haelemewi na kutojua. Niamshe saa tisa usiku nitakutajia nyakati tano za kusafisha mikono za Shirika la Afya Duniani (WHO): kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Kinachonishinda ni mkono wenyewe, pale kengele mbili zinapolia kwa mpigo.

Somo lililonibadilisha lilichukua dakika ishirini tu, wodini. Dada mmoja mkimya alilaza sanamu kwenye kitanda kilichokuwa wazi, akapaka jeli isiyoonekana kwenye vitufe vya pampu ya dawa na reli za kitanda. Akaniambia, "Haya sista, fanya kazi yako kama kawaida." Nikavuta makohozi, nikageuza, nikaandika faili. Kisha akazima taa na kuwasha kurunzi yake ya zambarau. Jeli iling'aa kwenye kalamu, kwenye jalada la faili, kwenye simu mfukoni, na chini ya kidevu nilipopandishia barakoa. Na muda wote huo nilikuwa nimevaa glavu! Yaani glavu ilinikinga mimi, ikawasahau wote waliobaki.

Hela ya ukumbi mmoja ingefanya mengi. Kitakasa mikono kinaweza kuchanganywa na famasi ya hospitali yenyewe kwa fomula ya WHO: ethanoli, haidrojeni peroksaidi, glisarini na maji safi. Chupa ikae kila kitanda, mkono uifikie bila mtu kupiga hatua.

Lakini kuna jambo ambalo hata kurunzi haiwezi kulionyesha. Jimboni Michigan, Marekani, zaidi ya ICU 100 zilitumia orodha fupi ya kuwekea katheta, yaani mrija unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, iliyobuniwa na timu ya daktari Peter Pronovost: nawa, vaa gauni na barakoa, safisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), epuka mshipa wa pajani, toa katheta isiyohitajika. Matokeo yalichapishwa 2006: maambukizi ya damu yatokanayo na katheta yalishuka kwa hadi asilimia 66. Watu huisifu orodha. Mimi naona siri ilikuwa kwamba muuguzi alipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua.

Kwetu madaktari bingwa hawaji semina, hutuma salamu. Niliwahi kumshikia daktari trei akiweka katheta ya shingoni bila gauni, nikanyamaza kimya. Siku ya nne mgonjwa akapandisha homa. Siwezi kuapa kwamba ilitokea pale, ila hadi leo nikiiona trei ile namkumbuka mgonjwa yule.

Basi mafunzo yatufanyishe mazoezi ya kusema, daktari naye akiwepo chumbani: "Daktari, samahani, tusimame kidogo, gauni bado." Mara ya kwanza nilipoyasema kweli sauti ilinitetemeka. Alinitazama, akavua glavu bila neno, akaelekea kwenye sinki. Bahati nzuri siku hiyo maji yalikuwepo.